Tulivyofungua mtandao wetu wa filamu hapa Mwanza, na chenga za dagaa zilivyonitoa jasho

Kila niliyemwambia tunataka mtandao wetu wenyewe wa filamu alinijibu kitu kilekile, si muweke tu kwenye mitandao mikubwa ndugu yangu, watu wote wako kule. Sawa, tuliweka. Filamu yetu ya kina mama wanaoanika dagaa pale mwalo wa Igombe ikazimwa sauti kisa nyuma ya mahojiano kuna redio ya dukani inapiga bongo fleva. Mama anaeleza alivyokopeshwa mtaji na mwenye mtumbwi na masharti aliyopewa, midomo inacheza, sauti hakuna. Tukakata rufaa, tukajibiwa na mashine. Hapo ndo tukasema basi, tunafungua kwetu.

Sisi ni wapiga picha wa harusi wengi wetu, na mwalimu mmoja, na vijana wa redio, tumekutana kwa sababu kila mtu ana filamu fupi ya ziwa imelala kwenye diski: makokoro (nyavu haramu za kukokota), magugu maji, watoto wanaoacha shule kwenda visiwani kuvua. Mfano tuliouona ni Cinemata iliyoanzishwa na wenzetu wa EngageMedia huko Asia na Pasifiki, filamu za haki za watu na mazingira, zinachaguliwa na binadamu, na programu waliyojengea ni MediaCMS ambayo ni ya bure. Sisi tukachukua PeerTube, ya Framasoft wa Ufaransa, nayo bure, toleo la kwanza kamili lilitoka Oktoba 2018. Nilichoipendea ni kwamba seva ya mtu mmoja (kompyuta inayotunza filamu na kuzirusha mtandaoni) inaweza kuifuata seva ya mwingine, yaani wa Kisumu akiwa na yake filamu zake zinaonekana kwangu na zangu kwake bila mtu kuwa bosi wa wote.

Mambo ya vibali maliza mapema. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zipo tangu 2018, zikabadilishwa 2020, na filamu nayo ina Bodi yake, nenda ukaulize ada za mwaka unaoombea, usiulize vijiweni.

Sasa njoo kwa fundi. Huyu jamaa yuko Dar, mjuzi kweli kwa maneno, akatuambia tukodi seva ndogo, ya kama elfu arobaini kwa mwezi, tupandishe filamu kama zilivyo tu, seva itazikata yenyewe, yaani itatengeneza nakala za saizi zote kubwa na ndogo. Na ile hali ya watazamaji kugawiana vipande vya video tuiwashe, eti itatupunguzia mzigo. Tukafanya vilevile. Siku ya kuonesha tukawaita wazee wa BMU (kamati ya wavuvi ya kusimamia mwalo) na kina mama wenyewe waliomo kwenye filamu, tukafunga shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala, projekta ya kuazima, jenereta inanguruma. Kumbe mwenzetu mmoja mchana alikuwa amepandisha harusi nzima kwa bahati mbaya, ya saa tatu, na seva imekaa inaikata saizi zote hizo. Filamu yetu ikaanza, mtumbwi ukatokea, ukaganda, kile kiduara kikaanza kuzunguka. Kinazunguka tu. Watoto wakaanza kukihesabia mizunguko. Mzee mmoja akaniuliza taratibu, "Mjukuu wangu, huu mtumbwi hauna injini?" Nampigia fundi, simu inaita haipokelewi. Tukaishia kuwaonesha kwenye laptopu, watu wanapokezana kuchungulia.

Dawa nikaitafuta mwenyewe, na hapa naomba nijisifu kidogo. Seva ndogo usiipe kazi ya kukata video hata kidogo, zima kabisa, kazi hiyo fanya kwenye laptopu yako usiku kwa HandBrake, programu ya bure ya kupunguza video, iache ikitafuna wewe umelala. Aina ya ubanaji chagua H.264, usiende kwenye H.265 maana simu za zamani zinagoma. Weka tiki pale Web Optimized, ukiisahau mtazamaji anaweza kusubiri faili lishuke lote kabla halijacheza. Ila filamu ya dagaa ikanikatalia. Nyingine zote zinakuwa ndogo, hii haipungui, na uso wa ziwa unatokea maboksi maboksi. Nilihangaika nayo sana mpaka nikaikuza picha nikaitazama karibu. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo nusu ya filamu ni giza, na lile giza kamera ilikuwa imelijaza chenga, vidoti vinavyorukaruka kila sekunde, na programu inahangaika kuvihifadhi vyote kana kwamba ni samaki. Nikaingia Filters, Denoise (ya kusafisha chenga), nikachagua NLMeans, nikashusha ukubwa wa picha mpaka 480p, sauti mono, yaani ya njia moja. Faili la GB mbili na ushee likarudi chini ya MB mia, na maji yakawa meusi safi, taa za mitumbwi zinaonekana moja moja. Chenga kidogo tu zisafishe lakini, ukizidisha nyuso za watu zinakuwa kama plastiki.

Na kile cha kugawiana vipande tumekizima. Mtu wa Ukerewe ananunua bando la mia tano, unamfanya awarushie wengine video kwa bando lake? Afu watazamaji wanaogawiana vipande, anwani zao za IP (namba za kifaa mtandaoni) zinaweza kuonekana kwa wenzao, na sisi tuna filamu ya makokoro ambayo wengine hawataki ijulikane wameitazama.

Jingine, dada mmoja aliyehojiwa alitupigia akaomba atolewe, shemeji zake wameona. Tulimtoa jioni ileile, kwenye mitandao mikubwa ningekuwa bado najaza fomu. Ila aliyekwisha ipakua anabaki nayo, hilo mwambie mtu kabla hujawasha kamera, usimwambie baadaye.

Hela ya seva tunachanga, anayechelewa anatajwa kwenye grupu. Sasa hivi kuna vijana wa Musoma na Bukoba wanataka kuingia, karibuni sana, lakini leteni filamu zikiwa zimeshapunguzwa, laptopu yangu feni imeshaanza kulia.