Mchungaji Simango pale Nachingwea

Huku Nachingwea wazee wakipiga stori za kambi ya Frelimo, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, ni ushindi tu, ila mimi ya Uria Simango hainitoki kichwani aisee. Alikuwa mchungaji, na makamu wa rais wa Frelimo, rais mwenyewe, Mondlane, alipouawa kwa bomu Dar 1969 ungedhani yeye ndo anashika kiti, wakaweka watu watatu, yeye, Samora Machel na Marcelino dos Santos, na mwaka huohuo akatoa waraka wa kuwakosoa wenzake, basi wakamtoa. 1975 akaletwa hapahapa kambini akasimamishwa mbele ya umati asome kurasa kibao za kukiri usaliti, hebu fikiria, mtu mzima, kiongozi, analazimishwa kujitukana kwa sauti yake mwenyewe ukurasa baada ya ukurasa! Baadae akafungwa kule Niassa, Msumbiji, akauawa bila kesi, na mkewe Celina nae hivyohivyo. Familia haikupewa maiti, mtoto wao Daviz akaja kuwa meya wa Beira bila kujua baba kalala wapi, inauma sana. Kama babu yako alikuwepo kambini siku ile, nenda kamuulize mapema na umrekodi.