Balbu za kubana LUKU: angalia lumeni kwanza, wati baadae

Jamani naomba tuongelee balbu, maana kila siku nasikia watu wanalia yuniti zinaisha haraka alafu ukiingia kwao unakuta glopu za kizamani sebuleni, koridoni mpaka chooni. Na hata wanaobadilisha, mtu akifika dukani anauliza "unayo ya wati ngapi?", anatajiwa wati, analipa anaondoka. Wati ni umeme ambao balbu inakula. Mwanga unaopata unapimwa kwa lumeni, na imeandikwa pembeni ya boksi kwa maandishi madogo, namba alafu lm.

Glopu ya waya ya wati 60 inatoa kama lumeni 800, umeme mwingine karibu wote unaishia kuwa joto, ndo maana ukiishika ikiwa imewaka unaungua. Enaji seva zile za kujikunja zinatoa mwanga huo kwa wati 13 mpaka 15, LED kwa wati 8 au 9 tu. Kwahiyo anayesema ya wati 9 itakuwa na mwanga hafifu bado anapima kwa hesabu za glopu. LED ya kawaida ya dukani inatoa kama lumeni 80 mpaka 100 kwa kila wati moja, ukikuta boksi limeandika wati kubwa na lumeni haijatajwa popote, mimi hiyo narudisha kwenye shelfu.

Sasa tuje kwenye LUKU. Glopu ya wati 60 ikiwaka masaa 5 kila siku, kwa mwezi inakula yuniti 9, LED ya wati 9 kwa muda huohuo haifiki hata yuniti moja na nusu. Hiyo ni taa moja. Kwa sisi wa T1, yani kundi la bei la wateja wa kawaida, ambao yuniti moja ukijumlisha na kodi ya VAT na tozo za REA na EWURA inapita shilingi 350, hapo umeokoa zaidi ya 2,600 kwa mwezi kwenye tundu moja tu la taa. Walio D1, yani kundi la majumbani wanaotumia umeme kidogo, ndo nawasihi zaidi, kwasababu yuniti zao za bei nafuu ni 75 kwa mwezi na ukivuka hapo bei inapaa, na glopu nne za wati 60 kwa masaa hayohayo 5 zinakula yuniti 36, yani karibu nusu ya zile 75 zimeondoka kabla hujawasha friji wala hujapiga pasi nguo za shule.

Na kama mwezi huu una hela ya balbu moja tu, anza na taa ya nje. Ile inawashwa magharibi na kuzimwa asubuhi, masaa kama 12, glopu ya wati 60 pale inakula yuniti 21 na ushee kwa mwezi, LED ya wati 9 inakula yuniti tatu na kidogo. Watu wanaanza na sebuleni kwasababu ndo wageni wanapoona, wakati inayomaliza yuniti iko getini.

Kitu kingine ambacho sioni watu wakiongelea ni volti. Mitaa mingi usiku umeme unashuka, kila mtu karudi nyumbani, taa zinafifia, friji linahangaika. Kwenye balbu yenyewe karibu na kitako pameandikwa AC alafu namba, zingine 220-240V, zingine 165-265V, zingine 85-265V. Kama unakaa sehemu ambayo umeme ni mdogo tafuta hiyo yenye namba zilizoachana sana, maana itaendelea kuwaka vizuri hata volti zikishuka. Mwambie muuzaji akutolee kwenye boksi usome mwenyewe, na hakikisha kama holda yako ni ya pini au ya kuzungusha.

Rangi nayo, wengi tunachukua nyeupe kali, 6500K, tukiamini ndo ina mwanga mwingi. Hapana, K ni rangi tu. Kwa jikoni na meza ya watoto kusomea nyeupe iko sawa, ila kwa taa ya chumbani au ile ya mezani yenye kifuniko cha kitambaa chukua 2700K au 3000K, ule unjano unatuliza macho kabla ya kulala. Kama taa yako ina kifuniko cha kioo kilichozibwa pande zote usiweke LED ya wati kubwa humo, joto linakosa pa kutokea na vile vifaa vya ndani vinakufa mapema, ndo unasikia mtu anasema LED hazidumu.

Zile za kuchaji ambazo pale Kariakoo muuzaji anaishika kitako kwa vidole inawaka mkononi, nazipenda kwa ajili ya umeme ukikatika, lakini weka moja sebuleni na moja jikoni inatosha, betri ya ndani inachoka mapema na bei yake iko juu.

Alafu hili naomba mlichukulie serious. Ukizima swichi na LED inabaki inawaka kwa mbali kama mshumaa unaoishia, usikimbilie kusema balbu ni feki. Inaweza kuwa ni swichi yenye kile kitaa chekundu, hiyo haina shida sana. Lakini inaweza pia kuwa fundi amepitisha nyutro (waya wa kurudisha umeme) kwenye swichi badala ya laivu (waya unaoleta umeme), kwahiyo ukizima, umeme bado upo pale kwenye holda, na mtu akipanda stuli kubadilisha balbu akagusa ndani anapigwa shoti huku swichi imezimwa. Muite fundi umeme mwenye tesa aigeuze, ni kazi fupi sana, na mpaka atakapokuja zima meini swichi kabla ya kugusa taa yoyote.

Enaji seva za zamani ukizitoa usizivunje wala kuwapa watoto wachezee, ndani zina zebaki. Ikidondoka ikapasuka fungua madirisha, toa watu nje kidogo, okota vipande kwa karatasi ngumu na usifagie kwa ufagio, unasambaza ile vumbi.