Siku moja maishani mwangu: tabibu wa kituo cha afya, Newala

Saa 12 asubuhi huku juu Newala mwezi wa saba kuna baridi kweli. Nanawa maji ya ndoo, navaa koti, naenda kazini. Mimi ni tabibu. Wengi wanadhani kazi yetu ni kuandika dawa, na asiyeandika hajatibu.

Hadi saa 4 nimemaliza wa presha na sukari: pima, uliza, jaza kadi, dawa za mwezi.

Kisha akaingia bibi na mjukuu wake wa miaka miwili. Kikohozi siku ya nne, makamasi, joto kidogo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Mwandikie tu amoksilini, nina safari ndefu."

Mtoto alikuwa analia, na pumzi za mtoto anayelia hazihesabiki. Tukasubiri atulie. Nikafunua shati, nikakodolea macho tumbo lake dakika nzima: 34. Kwa umri wake, kuanzia 40 ndiyo tunaita pumzi za haraka, dalili ya nimonia. Kifua hakibonyei, anakunywa vizuri, kipimo cha malaria hakikuona kitu. Mafua.

"Nimetoka kwangu alfajiri nije kuambiwa mafua? Dukani wananipa bila maneno."

Foleni nje ikaanza kunung'unika. Nikamweleza utafiti ninaoupenda kwa sababu ni wa watoto wetu. Ulichapishwa 2024, ulihusu vituo 40 vya Mbeya na Morogoro. Nusu ya vituo vilipewa programu ya kwenye kishikwambi inayomwongoza mtoa huduma hatua kwa hatua. Katika vituo vingine, watoto kama 70 kwa kila 100 waliandikiwa antibayotiki, yaani dawa za kuua bakteria kama hiyo amoksilini. Penye programu, 23 tu. Siku ya 7, ambao hawakupata nafuu walikuwa karibu sawa pande zote. Yaani dawa nyingi tunazogawa hazimponyi mtoto, na usugu wa vijidudu, yaani kuzizoea dawa hadi zisiwaue, unazidi kukua.

"Mbeya si Newala, baba."

Kweli, na kishikwambi hatuna. Tuna saa ya mkononi, macho na mwongozo. Basi nikaacha takwimu. Nikamwonyesha tumbo linavyopanda na kushuka, tukahesabu pamoja. Nikamwambia: mbavu zikibonyea, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu au akipata degedege, mlete hata usiku wa manane. Kwa sasa mpe maji ya uvuguvugu, na asali kidogo kwa kuwa ameshapita mwaka.

Akafunga mbeleko bila kuaga. Kumwandikia kungenichukua nusu dakika. Kutomwandikia kulikula karibu nusu saa. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi yangu ambayo haionekani kwenye rejista, na ndiyo ninayojivunia kuliko zote.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Jeraha la panga. Mpuliziaji wa salfa kwenye mikorosho, macho mekundu, anakohoa. Mjamzito, presha imepanda, gari la kumpeleka hospitali linachelewa, tunapiga simu, tunapiga tena. Miguu inawaka moto.

Jua likiwa linazama, mama mmoja akaleta mtoto wa miezi 9. Pumzi 58, chini ya mbavu kunabonyea, ila ananyonya. Huyu amoksilini ni yake. Tukayeyusha kidonge kwenye maji safi, akanywa dozi ya kwanza mbele yangu.

Mama akauliza kama amgawie na kaka yake, naye anakohoa.

"Hapana mama, hizi ni za mdogo azimalize zote. Kaka yake mlete kesho tumhesabu."