Nilivyoainisha upya hatari za kiyeyushi cha karakana yetu

Kiyeyushi tulichokuwa tukioshea vifaa vya kupulizia rangi kilikuja kwenye mapipa yenye alama moja tu, ya moto. Kwamba kinawaka kila fundi alijua, na hakuna aliyethubutu kuwasha sigara karibu na stoo. Kuhusu afya, karatasi ya taarifa za usalama iliyotoka kwa muuzaji ilikuwa na mstari mmoja: kipimo kinachoua nusu ya panya wa maabara wakilishwa ni zaidi ya miligramu 5,000 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, kwa hiyo bidhaa haina sumu kali.

Mimi ndiye niliyekuwa nasimamia usalama na afya pale kazini, na nilitakiwa kuandaa lebo za makopo madogo ambayo mafundi hujazia kutoka kwenye pipa. Nilipousoma mstari ule nikaona siwezi kuandika lebo kwa kuutegemea. Naeleza hapa nilivyoifanya kazi ya kuainisha upya, kwa sababu najua wako wengi wanaopokea karatasi kama ile na kuitia kwenye faili bila kuiuliza swali.

Kwanza nilitaka kujua ndani ya pipa mna nini. Karatasi ya usalama ina sehemu 16, na ya tatu ndiyo inayotaja viambato. Yetu ilisema "mchanganyiko wa hidrokaboni, ketoni na alkoholi", basi. Ukiwa na maneno kama hayo huwezi kuainisha chochote, maana alkoholi ni nyingi na tofauti ya moja na nyingine inaweza kuwa uhai wa mtu. Nilimwandikia muuzaji nikiomba jina la kila kiambato, asilimia yake na namba yake ya CAS, yaani namba ya kimataifa ya kuitambulisha kila kemikali. Akajibu kwamba hiyo ni siri ya biashara. Nikamwandikia tena, nikamweleza kwamba sihitaji kujua anavyotengeneza, nahitaji kujua wenzangu wanavuta nini puani. Baada ya kuvutana sana alinipa: toluini asilimia 55, asetoni 25, methanoli 20.

Namba ya CAS usiichukulie juu juu. Jina la kemikali linaweza kuandikwa kwa namna nyingi, lakini namba ni moja, na tarakimu yake ya mwisho ni ya kukagulia zilizotangulia. Methanoli ni 67-56-1. Anza kulia, ukiiacha hiyo 1: 6 mara 1, 5 mara 2, 7 mara 3, 6 mara 4. Jumla ni 61, inaishia na 1, kwa hiyo namba ni sahihi. Nilizikagua zote tatu kwa njia hiyo kabla ya kutafuta taarifa zozote, kwa sababu ukikosea tarakimu moja unaweza kusoma habari za kemikali nyingine kabisa.

Nilifuata mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali na kuziwekea lebo, ule unaojulikana kama GHS. Wazo lake lilipitishwa kwenye mkutano wa Rio de Janeiro mwaka 1992, toleo la kwanza likachapishwa 2003, na tangu hapo hurekebishwa kila baada ya miaka miwili. Kila aina ya hatari hupimwa peke yake na kupewa daraja, na daraja la 1 ndilo baya kuliko yote. Hilo nalisisitiza kwa sababu ipo alama nyingine, ya almasi yenye rangi nne, ambayo namba zake zinakwenda kinyume: 0 ni salama na 4 ni hatari kubwa. Baadhi ya mapipa ya zamani stoo yalikuwa nayo. Mtu aliyezoea almasi akiona "daraja la 1" anaweza kudhani jambo ni dogo. Niliziondoa namba zote kwenye lebo zetu, nikabakiza alama na sentensi.

Upande wa moto ulikwisha haraka. Kinachoangaliwa ni mambo mawili: halijoto ambayo mvuke wa kimiminika unaanza kushika moto ukipata cheche, na halijoto ambayo kinaanza kuchemka. Mvuke ukishika moto chini ya nyuzi 23 za Selsiasi na kimiminika kikachemka juu ya nyuzi 35, hiyo ni daraja la 2. Toluini hushika moto kwenye nyuzi 4, methanoli kwenye kama nyuzi 11, asetoni chini ya sifuri kabisa. Hakuna kati yake kinachochemka chini ya nyuzi 50. Maabara ilipopima mchanganyiko wenyewe ikathibitisha daraja hilo. Niliongeza tu maelezo mawili kwa mafundi: mvuke wa toluini ni mzito mara tatu kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi kwenye cheche iliyo mbali, na mwali wa methanoli ikiwaka peke yake mchana hauonekani vizuri.

Kwenye afya ndiko nilikokaa muda mrefu, na methanoli ndiyo iliyonikalisha.

Ile namba ya panya haikuwa ya uongo. Panya wakinyweshwa methanoli, kipimo kinachoua nusu yao kweli kinazidi miligramu 5,000 kwa kilo. Kwa mizani ya GHS, sumu ya kumeza huwekwa daraja la 1 ikiwa kipimo hicho hakizidi 5, la 2 hadi 50, la 3 hadi 300, la 4 hadi 2,000. Nchi nyingi huishia hapo. Ukimsikiliza panya, methanoli haimo.

Lakini mtu si panya. Ini la binadamu huigeuza methanoli kuwa fomaldihaidi, kisha asidi ya fomiki. Ini la panya lina folati, aina ya vitamini B, ya kutosha kuiondoa asidi hiyo haraka. Letu huiondoa polepole, kwa hiyo hujazana kwenye damu, huzuia seli kutumia oksijeni, na neva ya jicho ndiyo huumia mapema. Mtu aliyeinywa anaweza kujisikia kama amelewa kidogo tu, akalala, na saa nyingi baadaye akaamka haoni vizuri. Wengine hupofuka moja kwa moja. Wengine hufa. Haya si ya kukisia, kwa sababu watu wengi wamekufa duniani kwa kunywa pombe iliyochanganywa na methanoli.

GHS yenyewe inataka ushahidi wote upimwe kwa pamoja, na ushahidi mzuri uliotoka kwa binadamu hauwezi kuwekwa kando eti panya walinusurika. Ndiyo maana orodha rasmi ya Umoja wa Ulaya inaiweka methanoli daraja la 3 kwa kumeza, kwa kupenya ngozi na kwa kuvuta, halafu inaongeza daraja la 1 la kudhuru kiungo mahususi kwa kuipata mara moja tu. Ningependa kila anayeandaa karatasi za usalama aisome mifano kama hii kabla hajanakili namba kutoka kwenye jedwali. Namba iliyo sahihi inaweza kumpotosha mtu vibaya zaidi kuliko namba iliyokosewa, kwa sababu ukiikagua haina kasoro.

Baada ya hapo nilikokotoa mchanganyiko. Kwa kiambato kinachojulikana daraja tu, mfumo unatoa thamani ya kukokotolea. Daraja la 3 la kumeza ni 100, la ngozi ni 300, la mvuke ni 3 kwa lita ya hewa, zote kwa miligramu. Toluini na asetoni zina namba kubwa mno za kumeza kiasi kwamba hazibadilishi hesabu. Inabaki methanoli asilimia 20: 100 gawanya kwa 0.20 ni 500, na 500 iko kati ya 300 na 2,000, daraja la 4. Ngozi ni 1,500, mvuke ni 15, zote daraja la 4 pia. Ningetumia namba ya panya ningepata zaidi ya 28,000 na kuandika kwamba hakuna sumu, kama alivyoandika muuzaji.

Daraja la 4 si kubwa, na meneja alipoliona alitaka tuishie hapo. Nikamwonyesha ile hatari ya kiungo mahususi, ambayo haikokotolewi kwa kugawanya. Kiambato cha daraja la 1 kikifika asilimia 10, mchanganyiko mzima unabeba daraja la 1. Yetu ilikuwa 20. Kwa hiyo sentensi "hudhuru viungo vya mwili", ikitaja macho, ilipaswa kuwepo, pamoja na alama ya mtu mwenye nyota kifuani na neno HATARI. Akasema, "Mbona tunatumia kidogo tu kwa siku?" Nikamjibu kwamba kuainisha ni kueleza kemikali ilivyo kwa asili yake. Kidogo au kingi, dirisha wazi au limefungwa, hayo tutayapima tukikadiria uwezekano wa mtu kudhurika, na kadirio hilo huwezi kulifanya kama hujajua unakabiliana na nini.

Toluini nayo ilileta orodha ndefu: huwasha ngozi, huleta usingizi na kizunguzungu, hudhaniwa kudhuru mtoto aliye tumboni, na huweza kuharibu viungo kwa kuvutwa muda mrefu. Kwa asilimia 55 ilivuka vikomo vyote. Asetoni iliongeza macho kuwasha vikali. Niliyaandika yote, ila lililonishughulisha zaidi ni moja.

Tulikuwa na fundi mmoja, mtu mzima, hodari kuliko wote kwenye kazi ya rangi, ambaye akitaka kumimina kutoka kwenye pipa alikuwa anatumbukiza mpira, anauvuta kwa mdomo mpaka kiyeyushi kianze kushuka, kisha anauelekeza kwenye kopo. Vijana walikuwa wamejifunza kwake. Nilipomweleza kuhusu kumeza alinijibu kwa upole, "Mwanangu, mimi simezi. Ikifika mdomoni natema."

Hapo ndipo hatari ya kimiminika kuingia njia ya hewa inapohusika, na toluini ni daraja la 1. Kinachoangaliwa hapa ni wepesi wa kutiririka: hidrokaboni ambayo kipimo chake cha unato hakizidi 20.5 milimita za mraba kwa sekunde kwenye nyuzi 40 huingia humu, na ya toluini haifiki hata 1. Maana yake, tone dogo likikosea njia wakati mtu anakohoa au kutema, husambaa ndani ya mapafu papo hapo na kusababisha nimonia ya kemikali. Si lazima umeze. Ndiyo sababu lebo huandikwa usimtapishe aliyekunywa, maana ikipanda juu inapata nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Nilimwambia, "Mzee, hiyo ya kutema ndiyo ninayoiogopa." Alinyamaza, akaniuliza kama ndicho kilichokuwa kikimletea kile kikohozi kinachomshika kila akimaliza kujaza. Sikuwa daktari wa kumjibu, nikampeleka zahanati ya kiwanda. Pampu ya mkono ilinunuliwa wiki hiyo hiyo, na yeye ndiye aliyekusanya ile mipira na kuikatakata.

Glovu nazo zilihitaji kazi yake. Za mpira wa butili zinazuia methanoli na asetoni vizuri, lakini toluini inapenya. Za nitraili, ambazo ndizo tulizokuwa nazo, asetoni inazila upesi. Kwa mchanganyiko kama ule tuliishia kwenye glovu za tabaka nyingi za plastiki, ambazo mafundi waliziona ngumu vidoleni mpaka tulipowaruhusu kuvaa nyingine nyembamba juu yake. Barakoa za chujio la mkaa niliziondoa kwenye mpango wa kila siku, kwa sababu mkaa hauishiki methanoli kwa muda wa kutosha. Tulifunga feni ya kunyonya hewa kwenye beseni la kuoshea, chini, kule mvuke unakokaa.

Nilimtumia muuzaji hesabu zangu zote. Karatasi yake mpya ilipokuja ilikuwa na alama ya mtu mwenye nyota na sentensi ya macho, na baadaye akakubali kutuletea kiyeyushi kisicho na methanoli kabisa. Nilikiainisha hicho pia tangu mwanzo. Sumu ya daraja la 4 ilitoka, na kutajwa kwa macho kama kiungo kinachodhurika kukaondoka, lakini alama zilibaki zile zile tatu, moto, mtu mwenye nyota na ya mshangao, na neno HATARI halikuondoka, kwa sababu toluini bado imo. Msimamizi wa zamu aliponiuliza tumebadilisha nini basi ikiwa picha ni zile zile, nilimpa lebo mbili, ya zamani na mpya, akazisoma sentensi moja moja mbele ya mafundi wake. Fundi mmoja mjamzito alisikia ile ya mtoto aliye tumboni, imo kwenye zote mbili, akaomba kuhamishiwa upande wa kufungasha. Alihamishwa siku hiyo hiyo.