Siku 10 Uganda na Mama

Mama yangu alikaa miaka 46 bila kuvuka mpaka wa Mutukula, kati ya Tanzania na Uganda, na mdogo wake wa tumbo moja yuko ng'ambo, Masaka, mwendo wa saa chache tu kutoka Bukoba. Mwaka 1978, jeshi la Idi Amin lilipoingia mkoani kwetu, wakati ule ukiitwa Ziwa Magharibi, mama alikuwa msichana wa miaka 16. Kijiji chao kilikuwa kati ya mpaka na Mto Kagera. Walivuka mto usiku kwa mtumbwi, na siku hizohizo za mwanzo wa Novemba daraja la Kyaka likalipuliwa. Vita viliisha, watu wakarudi mashambani, mama mdogo alipokua akaanza kuuza khanga Mutukula, akampata Muganda wa Masaka akaolewa. Mama hakuwahi kumtembelea. Mama mdogo ndiye aliyekuwa anakuja, kwa misiba na harusi, na kila akiondoka alisema: "Dada, nyumba yangu utaiona lini?"

Desemba iliyopita nilichukua likizo, nikateremka kutoka Mwanza, nikamwambia mama twende. Nilitaka vitu viwili: waonane, na mama aione nchi yenyewe kama mgeni anayetembea. Kwa siku 10 nilijua hivyo viwili vingeweza kugombana.

Kwanza makaratasi. Mkenya na Mrwanda wanaingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa, lakini Mtanzania anatakiwa awe na pasipoti au hati ya dharura ya safari. Pasipoti ya mama tulikuwa nayo. Kilichokaribia kutukwamisha ni chanjo ya homa ya manjano. Nilipanga achanjwe Jumatatu, tuondoke Alhamisi. Muuguzi akanikalisha chini. Akaniambia cheti kinaanza kuhesabika siku ya 10 baada ya sindano, na kwamba mtu aliyepita miaka 60 anayechanjwa kwa mara ya kwanza aonwe na daktari kwanza, kwa sababu madhara makubwa, ingawa ni nadra sana, huwapata zaidi wa umri huo. Mama alikuwa na 62. Daktari alimpima, akauliza dawa anazotumia, akaridhika. Tukasogeza safari kwa wiki mbili. Namshukuru yule muuguzi mpaka leo, maana kadi ile ya njano iliulizwa mpakani kabla hata ya pasipoti.

Mutukula kwenyewe hakukutuchelewesha. Afisa wa Tanzania anagonga muhuri wa kutoka, wa Uganda yuko hatua chache mbele, ndani ya jengo hilohilo, anagonga wa kuingia. Kwenye fedha ndipo nilipoteleza. Nilibadilisha kwa kijana anayebadilisha fedha mkononi, akahesabu haraka mbele yangu, kumbe noti moja ameikunja katikati ili ihesabike mara mbili. Niliigundua kabla hajaondoka, akaongeza bila maneno. Badilisha kidogo tu ya nauli na maji, nyingine ukabadilishe dukani mjini, na uhesabu mwenyewe, noti moja moja.

Neno la kukaa nalo kichwani: Uganda ukisema "teksi" utaonyeshwa basi dogo la abiria 14, yaani daladala yetu. Ukitaka gari la peke yako, sema unakodi.

Mama mdogo alikuwa barabarani anatusubiri. Mama aliposhuka hawakusema kitu. Walishikana mikono, wakasimama hivyo hivyo mpaka kondakta akaomba watoke njiani.

Nyumbani nilipiga magoti kumsalimia baba mdogo na mama yake mzazi, bibi wa miaka mingi sana aliyekuwa ameketi mkekani. Sisi Wahaya hilo si geni, na mama alifurahi kuona hapo hajapotea. Kisha akafungua mzigo wake. Alikuwa amebeba kahawa ya kutafuna ya Bukoba, imefungwa kwenye jani la mgomba lililokauka, na kopo la senene. Nilikuwa nimemkataza senene, kwa sababu Masaka ndiko kwao senene, tena msimu wa Novemba ulikuwa umepita juzi tu. Hakunisikiliza, na alikuwa sahihi. Bibi alichukua punje mbili za kahawa, akazinusa, akatia mdomoni, akanyoosha mkono kuleta kikapu kidogo kilichokuwa pembeni yake. Ndani mlikuwa na kahawa ileile, ya Buganda. Akampa mama. Wakatafuna wote wawili wakitazamana. Senene nao wakawekwa sahani mbili, wetu waliokaushwa wakawa wakavu kabisa na wao waliokaangwa na kitunguu, na kila mtu alionja pande zote.

Siku tatu za kwanza sikupanga matembezi yoyote. Huu ndio uamuzi ninaouona ulituokoa. Ndugu aliyekungoja miaka mingi hawezi kukuona unafungua begi, unauliza njia ya kwenda kwenye vivutio. Tulikaa. Tulimenya ndizi. Mama alijifunza matoke ya Kiganda: ndizi zinafungwa kwenye majani ya mgomba, chini ya sufuria unatandika vikonyo vya majani yale ili zisiguse maji, zinaiva kwa mvuke, halafu unaziminya zikiwa bado ndani ya majani, kwa viganja, moto ukiwaka. Sisi Bukoba tunachemsha ndizi nzima pamoja na maharage. Mama alivumilia siku mbili, ya tatu akaomba sufuria apike ya kwetu, na bibi akala.

Jioni ya pili baba mdogo alianza kuzungumza Kiswahili. Alikuwa akikitumia kidogo, kwa uangalifu, kwani kwa Waganda wengi wa umri wake Kiswahili ni lugha iliyokuja na bunduki. Alisema Februari 1979, Watanzania walipokuwa wanaipiga Masaka kwa mizinga, yeye alikuwa kijana na walikimbilia vijijini na godoro moja. Waliporudi, mji ulikuwa kifusi. "Tuliwaita *abakombozi*," alisema, "na tuliwashukuru kweli. Lakini nyumba ya baba ilikuwa imekwenda." Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha naye akasimulia mtumbwi. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuisikia ile habari yote: jinsi bibi yangu alivyomziba mdogo wao mdomo asilie katikati ya mto, na kwamba yule aliyezibwa mdomo ndiye huyu mama mdogo anayetupikia. Mama mdogo alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Hakuwa anajua.

Baada ya usiku ule matembezi hayakuwa na shida tena. Nilimwambia mama mdogo nataka kumpeleka mama Kampala na Jinja, nikamuuliza yeye amependa wapi. Akasema miaka yake yote Uganda Kampala anaenda kwa wanawe na kununua bidhaa tu, Jinja hajawahi kufika. Basi nikabadilisha mpango wote. Badala ya kuwaaga ndugu kwenda kutalii, niliwachukua. Nilikodi gari la jirani, la watu saba, pamoja na dereva, siku nne, mafuta juu yangu. Ukipiga hesabu kwa kila kichwa, ilikuwa nafuu kuliko mimi na mama kupanda mabasi na kulala hotelini, maana Kampala tulilala kwa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, na chakula tulibeba.

Kayabwe, kwenye mstari wa ikweta, tulisimama kupiga picha kwenye yale maduara mawili meupe. Kuna vijana wanaoonyesha maji yakizunguka upande huu kaskazini na upande ule kusini. Nawaeleza wenye watoto: hiyo inategemea anavyoyamimina, mzunguko wa dunia hauwezi kuonekana kwenye beseni. Mstari wenyewe unatosha. Mama alisimama mguu huku mguu kule, mama mdogo akamshika kiuno.

Kampala tulitenga siku moja na nusu, na foleni ikala sehemu kubwa. Msikiti wa Kilima cha Kampala Kongwe, uliofunguliwa mwaka 2008, wageni wanakaribishwa. Wanawake hupewa vazi la kujifunika. Mnara una ngazi 304. Mimi na mdogo wangu tulipanda, tukaona vilima vyote na ziwa kwa mbali, mama zetu wakabaki chini kwenye zulia wakipumzisha miguu. Makaburi ya Kasubi ndiyo yaliyomgusa mama zaidi. Wamezikwa Makabaka, yaani wafalme wa Buganda, wanne pale, kuanzia Muteesa I, na nyumba kuu ya nyasi iliungua Machi 2010, ikajengwa upya kwa miaka mingi. Tulivua viatu. Mama aligusa lile pazia la gome la mti akasema kwa Kihaya, "Huu si lubugo?" Mwanamke aliyeketi pale akamjibu kwa Kiganda kwamba ndiyo, ni lubugo. Neno ni lilelile.

Njia ya Jinja simulizi yake ni Namawojjolo, ambako gari halijasimama vizuri tayari vijana wamejaa madirishani na mishikaki ya kuku, ndizi za gonja zilizochomwa na maji. Weka noti ndogondogo mkononi mapema, uchague mmoja, ununue kwake. Baada ya hapo ni msitu wa Mabira, kivuli na ubaridi, na wote garini walilala.

Jinja tulipanda boti mpaka pale ziwa linapoachia Nile. Mwaka 1862 John Speke alifika hapa na kuyapa maporomoko jina la Ripon. Usiyatafute, yalizama baada ya bwawa la Owen Falls kukamilika mwaka 1954. Unachokiona ni maji yanayotulia, halafu ghafla yanapata kasi, na sehemu moja yanabubujika kutoka chini. Ipo pia sanamu ya Gandhi, kwa kuwa sehemu ya majivu yake ilimwagwa hapa mwaka 1948.

Mwendesha boti alieleza mito inayoingia ziwani, akataja Kagera kuwa ndio mkubwa kuliko yote. Mama akamkatiza. "Kagera wa Kyaka?" Akasema ndio huo, mama, unaingia kule, na maji yanatokea hapa. Mama aliinama pembeni ya boti, nikamshika gauni kwa nyuma. Alichota maji kwa kiganja, akamwita mdogo wake kwa jina la utotoni ambalo sikulijua, akampaka usoni, mdomoni, taratibu, pale mkono wa mama yao ulipokuwa usiku ule. Mwendesha boti alizima injini bila kuombwa.

Siku mbili za mwisho zilikuwa za Masaka tena, za kufungasha. Tulirudi na mikungu miwili ya ndizi, mkeka wa bibi na kahawa ya Buganda. Mama mdogo anakuja Bukoba Pasaka, na safari hii anakuja na baba mdogo, ambaye hajawahi kuvuka. Nimeshampigia kumwambia aangalie kadi yake ya chanjo mapema. Mama anachoniuliza kila Jumapili ni kama senene wa Aprili watawahi.