Malimbuko ya Bibi

Neno: Kumbukumbu la Torati 26:1–11

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumapili hii ni ibada ya mavuno, nami nimekwama kwenye mstari wa tano. Mtu kaja na kikapu cha malimbuko, mazao ya kwanza ya shamba, kuhani kakipokea, na maneno anayoagizwa kuyasema yanaanzia mbali: "Baba yangu alikuwa Mwarami karibu na kupotea." Aeleze kwanza alikotoka. Tusidanganyane, wengi wetu tungeona haya. Nguo zimepigwa pasi, kwaya imejipanga, halafu wewe unataja ukimbizi?

Bibi yangu haoni haya. Alivuka kutoka Burundi mwaka 1972, wakati wa mauaji, mtoto mgongoni na mbegu za maharage kazifunga kwenye pindo la kitenge. Wakapakiwa kwenye malori hadi Ulyankulu, Tabora. Hapakuwa na kitu ila miombo na mbung'o. Walifyeka, wakalima, wakazika. Barabara zikapewa namba, na namba hizo ndizo tunazoelekezana hadi leo. Wapenzi wa nyimbo za injili mnaijua Kwaya ya Barabara ya 13. Njaa ilipowabana, mbegu zile walikula nusu. Nusu nyingine Bibi aliificha, hata Babu hakujua ilipo. Akifika hapo husimama kusimulia, anacheka mpaka anajifuta machozi.

Mwaka 2014 serikali ya Tanzania ilitangaza uraia kwa Warundi wa 1972, zaidi ya 162,000. Bibi alikuwa mkimbizi kwa miaka 42. Cheti kilipomfikia alikigeuza huku na huku, maana hajui kusoma, akasema kwa Kirundi "Urakoze Mana," yaani asante Mungu, akanipa nimtunzie, akarudi kupalilia.

Sasa mstari wa 11, ambao mimi huupita haraka: furaha ile ni yako, na ya Mlawi, na ya mgeni aliye kati yako.

Jana nilimkuta Bibi anapima maharage. Debe la kwanza ni la madhabahuni. La pili akaniambia nilifunge kwenye baiskeli, nilipeleke kwa wafugaji waliohamia hapa mwezi uliopita. Ng'ombe wao walishaingia kwenye mihogo yetu mara mbili, Bibi! Nililalamika hasa.

"Peleka," akasema. "Na uwaulize kama wana mbegu."