Bendi ilinichukua kwasababu ya amplifaya

Watu wakiniuliza niliingiaje kwenye muziki huwa nawajibu kwa mkato, eti nilipenda toka utotoni, lakini ukweli ni kwamba bendi ilinichukua kwasababu amplifaya yao ya besi, yani kile chombo cha kukuza sauti ya gitaa la besi, ilikuwa mbovu na mi ndo nilikuwa fundi usiku ule. Kupiga nilikuwa naweza, sijishushi, ila Dodoma ile ilikuwa na wapiga besi wanaonizidi mbali, hasa wale waliokulia kwenye kwaya ambako ukikosea noti moja tu akina mama wa sauti ya pili wote wanageuka kukuangalia.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, Bunge ndo limeanza kukaa Dodoma moja kwa moja na mabaa yakaanza kuchangamka. Nilikuwa nakaa kwa mjomba wangu, fundi redio, ana kibanda chake karibu na soko la Majengo, na mi ndo nlikuwa mtu wa kufungua skrubu, kupuliza vumbi na kumwambia mteja "njoo kesho" hata kama kitu chake hakijaguswa. Vumbi la Dodoma mnalijua, ukifungua redio kaseti ya mtu wa Kizota unaweza ukapanda mchicha mle ndani.

Sasa kuna redio moja ililetwa imemeza kaseti, mwenyewe akaondoka na hakurudi tena. Nikaitoa ile kaseti kwa kibano, nikanyoosha utepe nikaurudishia kwa peni, juu imeandikwa QUEEN kwa wino wa bluu basi, hakuna kava wala nini. Mi nikajua ni mwanamama anaimba. Mjomba alikuwa na spika moja ya inchi 12 ndani ya boksi la mbao alilounda mwenyewe kwa ajili ya kutestia, nikaunga waya za ile redio huko kwenye spika kubwa maana vile vispika vya redio kaseti sauti ya chini havitoi kabisa, nikabonyeza. Nyimbo za mwanzo zikapita, dume linaimba mpaka mishipa, sawa. Halafu ikaja ile ya besi.

Wanaoijua washaijua naongelea ipi, Another One Bites the Dust, ile ya mwaka 1980 ambayo besi ndo wimbo wenyewe. Noti ya chini inagongwa mara tatu, du, du, du, halafu panaachwa nafasi, yani mtu anaacha makusudi, ndo baadae inarudi na kujikunja juu kidogo. Kikombe cha chai cha mjomba kikaanza kutembea juu ya meza. Muelewe kwamba mi nimekulia kwenye dansi, na kwenye dansi letu hakuna anayeacha nafasi, kuna solo, kuna rizimu, kuna matarumbeta, na mpiga besi naye anazunguka humo humo hapumziki. Sikuwahi kusikia mtu anapiga kwa kunyamaza namna ile.

Besi la umeme sikuwa nalo na wala sikuwahi kulishika. Nikaazima gitaa la kawaida kwa jirani, nikawa natumia zile nyuzi nne nene, E, A, D, G, maana besi ni hizo hizo ila zimeshushwa oktavu moja, na kila kibanda kikifungwa nakaa na ile kaseti narudisha nyuma nasikiliza, narudisha nyuma, mpaka mjomba akasema nitaula ule utepe. Mteja wetu mmoja mwalimu ndo alinishtua, akaniambia we kijana, Queen ni bendi ya roki ya Uingereza, na unajua huyo mwimbaji wao ni wa hapa hapa? Kazaliwa Unguja 1946, jina lake Farrokh Bulsara, familia ikahamia Uingereza baada ya Mapinduzi ya 1964, huko ndo akajiita Freddie Mercury. Nikamuangalia nikaona anatania.

Basi Jumamosi moja mwezi wa nane, upepo unavuma ule wa kukata midomo, akaja kiongozi wa bendi moja ya mjini anahema. Mpiga besi wao kapanda treni kaenda Dar bila kuaga, na juu ya hapo amplifaya ya besi inanguruma tu kama kinu cha kusaga, na saa tatu usiku wanatakiwa jukwaani baa moja kule Chang'ombe. Mjomba mgongo ulikuwa unamsumbua. Akaniambia nenda, beba mita ya kupimia umeme, beba risasi ya kuchomelea waya, beba na ile amplifaya iliyokufa utoe vitu ndani yake.

Nimefika, mwenye vyombo kakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni. Kwa wasiojua, kwenye bendi zetu mkubwa sio mwimbaji wala kiongozi, ni mwenye vyombo, yeye akikasirika anafunga magitaa stoo na muziki umeisha. Akaniangalia juu mpaka chini akamwambia kiongozi "ndo fundi huyu?" Nikamsalimia shikamoo, nikainama.

Kufungua tu nyuma nikakuta mahali pa fyuzi pamezungushiwa karatasi la kung'aa la pakiti ya sigara, yani amplifaya nzima haina ulinzi na umeme wenyewe ulikuwa unapanda na kushuka unavyojisikia. Zile kapasita mbili kubwa za pawa, vile vikopo vinavyotunza umeme, zimevimba vichwa na moja imevuja kitu cha kahawia kimekauka kwenye bodi. Ndo mngurumo wenyewe huo. Nikazishoti kwanza kwa bisibisi zimwage umeme uliobaki, ikatoa cheche paa! mpiga drams akaruka nyuma ya ngoma zake, nikazing'oa, nikaweka zile nilizotoa kwenye ile mbovu ya mjomba, hazikulingana sawasawa lakini volti zake zilitosha, nikatafuta fyuzi ya kweli nikaweka. Washa. Kimya. Ule ukimya ndo unaoutaka, amplifaya nzima ikiwashwa haisemi kitu.

Sasa utatesti na nini? Besi lilikuwa limeegemezwa ukutani, jamaa kalitoroka. Nikachomeka, nikakuta lina uzito sikutegemea, nyuzi nene kama waya wa breki ya baiskeli, nikatuni kwa kusikia nikafungua volume kidogo. Na kitu pekee nilichokuwa nakijua kukipiga kwa uhakika ni kile. Du, du, du. Nafasi. Mpiga drams alikuwa bado ana hasira za kuogopeshwa lakini mguu wake ukaingia wenyewe kwenye ile ngoma kubwa ya chini, tukakaa hapo dakika kadhaa, wahudumu wakasimama na trei zao. Mpiga solo akauliza hiyo ni nini? Nikamwambia Queen, na mwimbaji wao Mzanzibari. "Muongo we, Unguja wanapiga taarabu." Mpaka leo tukikutana ananitania na hiyo.

Hapa nirukie mbele kidogo. Baadae sana intaneti kafe zilipoingia mjini nikalipia nikamtafuta yule mpiga besi, anaitwa John Deacon, kazaliwa 1951 Leicester, na nilipofika kwenye habari za shule yake nikacheka peke yangu mpaka mwenye kafe akaniangalia. Jamaa alisomea elektroniki! Chelsea College, London, kamaliza 1971, mwaka huo huo akaingia Queen, wa mwisho kati ya wale wanne, baada ya wenzake kujaribu wapiga besi wengine wasielewane nao. Tena kuna siku aliokota bodi ya amplifaya kwenye taka za ujenzi, akaifunga ndani ya kiboksi cha spika, inatumia betri ya volti 9, na mpiga gitaa wao Brian May akawa anairekodia sauti zake kwenye albamu. Ule wimbo wa besi kautunga yeye, ukafika namba moja Marekani. Mtu mwenyewe haongei, kwenye maonyesho kasimama pembeni, na 1997 akaacha muziki akarudi nyumbani kwake. Wengi wakitaja wapiga besi wa roki wanaanza na wale wenye vidole vya kasi, mi nitabaki na fundi mwenzangu.

Turudi Chang'ombe. Mwenye vyombo akaingia ndani, akasema huyu huyu apige. Kiongozi akamwambia mzee huyu fundi, hajui nyimbo zetu. Mzee akasema si ataoneshwa?

Nikaoneshwa kweli. Kiongozi akasimama mbele yangu ananipa vidole, kimoja ndo kodi (chord) ya kwanza, vinne, vitano, nafuata. Nyimbo za polepole nikamudu. Ikifika sebene, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, nilikuwa nadandia tu, naokota noti ya kwanza ya kila mzunguko na nyingine naziacha zipite, na nadhani watu walidhani ndo staili maana kuna mzee mmoja alikuja kunitunza mia mbili kwenye paji la uso. Mpaka saa nane usiku vidole viwili vina malengelenge yamepasuka na bado kuna mtu anapiga kelele arudiwe wimbo wake.

Wakati wa hesabu nikasimama foleni na wenzangu. Mwenye vyombo akanihesabia hela ya amplifaya, kamili, hakupunguza. Nikaendelea kusimama. Akaniuliza nini tena, nikamwambia na ya kupiga mzee. Akasema, "Ile ilikuwa usaili. Umepita, Jumatano mazoezi saa kumi, uje na risasi yako." Nikafika nyumbani alfajiri, mjomba yuko macho anaupaka mgongo dawa, akanyoosha mkono akachukua ile hela ya ufundi, akaniachia nauli na ile mia mbili ya paji la uso.